Nani Alikuwa Naye?

Jumapili ya tarehe 21 Januari 2024, saa nne kasorobo usiku, kibanda umiza kimoja wilayani Kisarawe kilinyamaza kwa sekunde mbili hivi. Kisha watu karibu arobaini wakauliza swali moja kwa pamoja: "Nani alikuwa naye?"

Aliyekuwa akiulizwa ni Patson Daka wa Zambia. Dakika ya 88, katika uwanja wa Laurent Pokou mjini San Pedro, Ivory Coast, Clatous Chama alipiga kona, Daka akaruka, akapiga kichwa, mpira ukaingia. Moja kwa moja. Tulikuwa tunaongoza tangu dakika ya 11, Simon Msuva alipomalizia pasi ya Mbwana Samatta. Tangu dakika ya 44 Zambia walikuwa 10 uwanjani, baada ya Roderick Kabwe kuoneshwa kadi ya pili ya njano. Tulikuwa na goli, tulikuwa na mtu mmoja zaidi, na zilikuwa zimebaki dakika mbili na za nyongeza.

Majibu hayakuchelewa. Jirani yangu wa kushoto alimtaja beki wa kati. Wa kulia akamtaja kiungo. Mwenye kibanda, ambaye muda wote alikuwa akihesabu chenji na kutazama kwa jicho moja, akamtaja kipa. Mzee mmoja aliyekaa nyuma kabisa, kofia imemfunika nusu ya uso, akaitaja TFF. Kila mmoja alisema kwa uhakika uleule. Marudio yalipooneshwa, kila mmoja akaona alichokuwa ameshasema.

Mimi sikutaja mtu. Si kwa sababu nina hekima kuliko wengine. Ni kwa sababu swali lile niliwahi kulijibu mwenyewe, haraka mno, kwenye uwanja wa vumbi usio mbali na hapo. Nitafika huko. Kwanza nataka kulitazama swali lenyewe kama mhakiki anavyotazama kitabu: linadhani nini, linaficha nini, na kwa nini tunalipenda hivyo.

Tuanze na kilichopotea, maana bila hicho hasira yetu haieleweki. Hadi usiku ule Tanzania ilikuwa imecheza mechi 7 katika fainali za Mataifa ya Afrika na haijashinda hata moja. Mwaka 1980 kule Lagos tulifungwa 3-1 na Nijeria, tukafungwa 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Tukasubiri miaka 39. Mwaka 2019 kule Cairo tukafungwa na Senegali 2-0, na Kenya 3-2 baada ya kuongoza mara mbili, na Aljeria 3-0. Kisha siku nne kabla ya Zambia, Moroko wakatupiga 3-0. Kwa hiyo zile dakika zilizobaki zilikuwa zinaubeba ushindi wa kwanza wa nchi nzima katika miaka 44.

Na hesabu iliendelea kuuma baadaye. Siku tatu mbele tulitoka suluhu na Kongo, tukamaliza mkiani mwa kundi na pointi 2. Ondoa kichwa cha Daka, acha matokeo mengine yote kama yalivyokuwa: Tanzania pointi 4, nafasi ya pili nyuma ya Moroko, tunaingia 16 bora. Kongo wangemaliza wa tatu na pointi zao 3. Badala yake wao ndio waliopita wakiwa wa pili, wakafika nusu fainali. Kona moja. Ndiyo maana watu wanataka jina.

Jina hilo sitalitoa hapa. Wachezaji wenyewe unawajua, na kama una simu bila shaka umeshamchorea mmoja wao duara jekundu.

Sasa tulisikilize swali. "Nani alikuwa naye?" Linachukulia kwamba kila mshambuliaji ana mtu wake, na kila beki ana wake, kama ndoa. Akionekana mmoja yuko huru, basi kuna mwenzake aliyemtoroka. Kiswahili chetu cha mpira kimejengwa juu ya picha hiyo. Neno tunalotumia ni kukaba. Mwizi hukabwa. Koo hukabwa. Kabali inatoka humohumo. Kukaba ni mkono wa mtu mmoja kwenye mwili wa mtu mwingine. Wachambuzi wa redioni wanaposema timu inakaba kwa maeneo, sentensi inasimama vizuri kisarufi lakini masikio yetu hayaiamini. Utakabaje eneo? Eneo halina koo. Kwa hiyo hata timu ikifundishwa kulinda nafasi, sisi tunaotazama tunaendelea kuihukumu kwa sheria ya mtu na mtu wake. Tunamshtaki beki kwa kuvunja mkataba ambao huenda hakuwahi kuusaini.

Kona hulindwa kwa namna tatu kuu, na kila namna huzaa mkosaji tofauti kwa picha ileile.

Namna ya kwanza ni ya mtu kwa mtu. Namba nne anaambiwa, yule mrefu ni wako, nenda naye hata akienda chooni. Hapa swali letu lina maana, na aliyeachwa nyuma ana kesi ya kujibu.

Namna ya pili ni ya maeneo. Wachezaji wanapangwa kwenye mstari wa boksi dogo, mmoja mlingoti wa karibu, mmoja katikati, mmoja mbele ya kipa, na kadhalika. Kila mmoja anaambiwa: mpira ukija hapa, ni wako. Watu hawamhusu. Mshambuliaji akikimbia kutoka mbali na kuruka mbele ya beki aliyesimama, beki ataonekana kama gogo. Lakini kusimama pale ndiyo kazi aliyopewa. Huenda lililoharibika ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kuzikata mbio za yule mshambuliaji kabla hajaruka.

Namna ya tatu ni mchanganyiko, na ndiyo timu nyingi huitumia siku hizi. Watatu au wanne wanalinda maeneo, wengine wanakaba watu. Hapa ugumu unaongezeka, kwa sababu kuna mahali mtu anapaswa kukabidhiwa: wewe mfuate mpaka hapa, akiingia kwenye eneo langu nitamchukua mimi. Makabidhiano hayo hufanywa kwa sauti, ndani ya sekunde moja, kwenye kelele za maelfu ya watu. Yakishindikana, watu wawili wanaonekana wanatazamana, na mwenye simu anachagua mmoja wa kumchorea duara.

Ongeza kitu kingine ambacho marudio hukionesha vibaya: kuzibiwa njia. Mshambuliaji asiyetarajiwa kufunga husimama katika njia ya beki anayemfuata mfungaji. Hamsukumi. Anasimama tu kama mtu anayesubiri daladala. Beki anapoteza hatua moja na nusu. Picha ikisimamishwa wakati mpira unagusa kichwa, aliyezibiwa yuko nyuma, na anaonekana amezubaa. Aliyemzibia ameshaondoka kwenye fremu.

Kisha kuna mpigaji. Chama wakati huo alikuwa mchezaji wa Simba. Tulikuwa tumemtazama misimu mingi akiuweka mpira anapotaka, na nusu ya kile kibanda ilikuwa imewahi kumshangilia kwa kazi hiyohiyo. Ajabu ni kwamba katika majina yote yaliyotajwa usiku ule, la Chama halikutajwa. Hatukuwa na nafasi ya kusema kwamba labda mtu alipiga kona nzuri na mwingine akaruka vizuri. Yapo magoli ambayo sababu yake kubwa ni ufundi wa waliofunga, lakini ukisema hivyo kibandani utaulizwa uko upande gani.

Na kuna hesabu ya watu. Sisi 11, wao 10. Tulidhani hilo linarahisisha kila kitu, na kwa sehemu kubwa ya uwanja ni kweli. Kwenye kona si hakika. Toa kipa wao, toa mpigaji, toa mmoja au wawili wanaobaki nyuma kuzuia shambulizi la kushtukiza, wanaoingia boksini wanabaki sita hivi. Wanaolinda wako kumi na kipa wao. Watu wanaotosha wanaweza kugawana kazi mpaka ikabaki moja isiyo na mwenyewe, kwa sababu kila mmoja anaona wenzake ni wengi. Umeshaona msiba wenye watu wengi, maji ya kunawa yakakosekana? Si kwamba hakuna wa kuyachota. Kila mtu aliamini yameshachotwa.

Mpaka hapa bado tuko ndani ya sekunde tatu za kona. Rudi nyuma kidogo. Kati ya mechi ya Moroko na hii ya Zambia, Adel Amrouche, kocha aliyeiandaa timu, alikuwa ameondolewa kwenye benchi baada ya CAF kumfungia mechi 8 kwa maneno aliyosema kuhusu Moroko. Timu ikakabidhiwa Hemed Suleiman, tunayemwita Morocco, akisaidiwa na Juma Mgunda. Novatus Miroshi alikuwa nje kwa kadi nyekundu aliyopata kwenye mechi ya kwanza. Kwa hiyo swali "waliambiwa nini kuhusu kona?" linaongezewa jingine: waliambiwa na nani, na lini? Mpangilio wa kona hufundishwa uwanjani, siku baada ya siku, mpaka mwili unakwenda wenyewe. Hapa benchi lilibadilika katikati ya mashindano. Sisemi hiyo ndiyo sababu ya goli. Nasema mtu anayeandika hukumu bila kupita hapo ameruka kurasa.

Mimi somo hili nililipata kwa mzunguko, kupitia mpira wa Wamarekani, ule wa kofia ngumu, ambao nilianza kuutazama YouTube kwa udadisi tu. Kule kila mchezo mmoja ni wa sekunde chache, na kabla haujaanza walinzi wote 11 hupewa amri moja yenye jina la siri. Amri hiyo ndiyo inayosema nani anamkaba mtu, nani analinda eneo, na nani anabaki nyuma kabisa kama bima. Mpokeaji akitoroka na kushika mpira peke yake, kamera humwonesha yeye na mlinzi mmoja anayemkimbilia kwa mbali. Mtazamaji mgeni humhukumu huyo anayekimbia. Wazoefu hunyamaza kwanza, kwa sababu mara nyingi anayekimbia ndiye aliyeacha kazi yake mwenyewe ili kuokoa ya mwenzake. Mwenye kosa yuko upande wa pili wa uwanja, anamlinda mtu ambaye tayari ana mlinzi. Bila kuijua amri, huwezi kujua nani aliivunja.

Tarehe 23 Januari 2022, Buffalo Bills walikuwa mbele ya Kansas City Chiefs kwa pointi 3 zikiwa zimebaki sekunde 13. Kwa pasi mbili tu, moja kwa Tyreek Hill na nyingine kwa Travis Kelce, Chiefs walisogea yadi 44, wakapiga mpira wa kusawazisha, kisha wakashinda 42-36 katika muda wa nyongeza. Watazamaji walitaka jina, kama sisi. Kocha Sean McDermott aliulizwa baada ya mechi na hakumtaja mchezaji yeyote. Alisema utekelezaji haukuwa mzuri. Mashabiki waliona jibu hilo ni la kukwepa. Mimi nalisoma kama jibu la mtu anayejua kilichoandikwa kwenye karatasi ya amri, na anayejua pia kwamba akishatoa jina, halitarudi.

Majina hayarudi. Tarehe 16 Julai 1950, Alcides Ghiggia wa Uruguay aliingia kutoka kulia na kumfunga kipa wa Brazili, Moacir Barbosa, kwenye mlingoti wake wa karibu. Brazili ikafungwa 2-1 ndani ya Maracanã, mbele ya umati ambao tayari ulikuwa umeanza kusherehekea. Kabla mpira haujamfikia Barbosa, Ghiggia alikuwa ameshampita mtu pembeni, na hakuna aliyefika kumzuia. Lakini picha iliyobaki ni ya kipa chini na mpira wavuni. Barbosa alikufa mwaka 2000. Katika miaka yake ya mwisho alilalamika kwamba kifungo kirefu kabisa katika sheria za Brazili ni miaka 30, na yeye alikuwa anakwenda kutimiza 50. Alikuwa karibu na goli wakati goli linaingia. Kwa kipa, hiyo ndiyo kazi.

Sasa nije kwenye lililo langu.

Juni 2013, likizo, nimerudi kutoka sekondari niliyokuwa nasoma mjini Kibaha. Kulikuwa na mashindano ya ndondo, zawadi mbuzi dume na seti ya jezi. Timu yetu ilikuwa ya vijana wa Marui, na fainali tulicheza ugenini, kwenye uwanja wa shule uliozungukwa na mikorosho, ambako mpira ukitoka upande mmoja unasubiri mpaka mtoto autafute. Nilivaa namba tano. Nilikuwa nahodha pia, na tusidanganyane, sikuwa bora kuliko wenzangu. Nilichaguliwa kwa sababu nilisoma mjini na niliweza kuongea na marefa.

Mpangilio wetu wa kona ulikuwa wa mchanganyiko, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Mtoto wa mjomba wangu, namba tatu, alisimama mlingoti wa mbali. Namba mbili mlingoti wa karibu. Mimi nilimkaba mshambuliaji wao. Namba nne alimkaba beki wao wa kati, jamaa mrefu aliyekuwa akipanda kila kona. Tulikaa hivyo zaidi ya saa nzima, bila kufungwa.

Kuelekea mwisho mambo mawili yalitokea karibu pamoja. Namba nne wetu akaumia kifundo, akaingia mdogo wake, kijana wa miaka kumi na sita hivi. Na wao wakamtoa mshambuliaji niliyekuwa nikimkaba, wakaingiza mwingine mwenye mwili. Kocha wetu akamwambia yule kijana kutoka pembeni: "Chukua mtu wa kaka yako." Ikaja kona. Kijana hakujua kaka yake alikuwa na mtu gani. Akaangalia, akaona mgeni mwenye mwili ndiye anayetisha, akaenda kwake. Mimi pia nilikuwa kwake. Tukawa wawili kwa mmoja. Beki wao mrefu akapanda kama alivyopanda kona zote, safari hii bila mtu. Mpira ukaenda mlingoti wa mbali. Binamu yangu alitoka mlingotini, akaruka, akachelewa kwa kiasi cha kiganja. Goli.

Nikageuka, nikanyoosha mkono, nikamwonesha yeye.

Tazama goli lolote la kona, uwanja wowote duniani, na usitazame wanaoshangilia. Watazame waliofungwa. Ndani ya sekunde mbili mikono inaanza kunyooshwa. Huyu anamwonesha yule, yule anafungua viganja viwili, kipa anampigia kelele wa tatu. Huo ndio uhakiki wa kwanza wa kila goli, na waandishi wake ni washtakiwa. Watazamaji huona mkono wa nani umenyooka kwanza na kwa uthabiti zaidi, wakaufuata. Wangu ulinyooka kwanza. Tena ulikuwa mkono wa nahodha.

Mbuzi akaenda kwa wenzetu. Binamu yangu akapata jina: Mlingoti. Kwa sababu, walisema, alisimama kama mlingoti. Jina hilo lilimfuata kisimani, kwenye ngoma na kwenye msiba wa bibi yetu. Msimu uliofuata hakucheza. Nilipouliza, niliambiwa ana shughuli za shamba. Nikaamini, maana ilinifaa kuamini.

Miaka ilipita kabla sijaanza kuirudia ile kona kichwani. Kilichoniamsha ni zile video za Wamarekani. Mchambuzi mmoja alikuwa akionesha mlinzi aliyekuwa karibu kabisa na tukio, akasema, kwa maneno yangu, kwamba huyu ndiye pekee aliyefanya zaidi ya kazi yake. Nilisimamisha simu. Nilimwona binamu yangu akitoka mlingotini.

Baada ya goli la Daka nilikaa siku kadhaa, kisha nikaenda Marui kumtafuta. Ana bodaboda sasa, na shamba la mihogo. Nilimkuta anabadilisha mnyororo. Nilitoa simu kana kwamba nimekuja kuongea habari za Taifa Stars.

"Binamu, hebu niambie. Hapa nani alikuwa naye?"

Akajifuta grisi, akaichukua simu, akatazama mara moja.

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha.

"Nyuma zaidi. Kabla hajapiga."

"Video inaanzia hapo."

"Basi umeniletea mwisho wa hadithi," akasema, akanirudishia simu.

Nikaona hakuna namna nyingine. Nikamwambia kuhusu kona yetu. Nikaichora chini kwa kijiti, pale kwenye vumbi: wewe hapa, mimi hapa, dogo hapa, yule mrefu anatokea huku. Alitazama mchoro wangu kwa muda, kisha akasogeza jiwe lililokuwa mimi hatua moja mbele. Alikuwa anaikumbuka vizuri kuliko mimi.

"Najua," akasema. "Nilijua palepale."

"Mbona hukusema?"

"Angesikilizwa nani? Wewe ulikuwa nahodha. Tena msomi."

Sikuwa na la kujibu. Yeye akaendelea, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya mafuta. Akasema yule mrefu hakuwa mtu wangu pia. Alikuwa wa dogo. Lakini dogo aliambiwa achukue mtu wa kaka yake, na aliyemjua mtu wa kaka yake ni mimi, maana tulisimama bega kwa bega mechi nzima. "Ungemwambia tu, yule pale. Maneno mawili."

Maneno mawili. Kosa langu, basi, halikuwa la kukaba. Nilimkaba niliyepaswa kumkaba, na ningeweza kuonesha video, kama ingekuwepo, kuthibitisha hilo. Picha ingenisafisha kabisa. Ingekuonesha dogo yuko pasipo pake, na binamu yangu amechelewa, na mimi niko na mtu. Kisichoonekana kwenye picha ni sentensi ambayo haikusemwa. Nami, niliyechaguliwa nahodha kwa sababu ya mdomo, niliutumia mdomo na mkono baada ya goli, wakati kazi yao ilikuwa kabla.

Ndiyo maana swali la kibandani linanipa tabu, hata nikilipenda. Linaanza mwisho. Linamchukua aliye karibu na maumivu na kumfanya chanzo chake. Na wanaolijibu kwa sauti kubwa zaidi huwa ni sisi wenye maneno: nahodha, mchambuzi, mwenye simu na intaneti, mwandishi wa makala. Beki anayelaumiwa mara nyingi hana jukwaa la kueleza aliambiwa nini kambini, na kama ana adabu hatasema, kwa sababu kusema ni kumnyooshea mwenzake kidole. Kwa hiyo ukimya wake unasomwa kama kukiri.

Sitaki tuache kuuliza. Timu isiyochunguza magoli yake itafungwa tena vilevile, na ushindi wetu wa kwanza hautapatikana kwa kuoneana huruma. Lakini maswali yana mpangilio. Waliambiwa nini? Nani alibadilika uwanjani tangu walipoambiwa? Nani alizibiwa njia? Kona yenyewe ilitoka wapi? Je, waliofunga walifanya vizuri tu? Hilo la "nani alikuwa naye" liwe la mwisho, na likifika zamu yake, mara nyingi utakuta limeshapoteza nusu ya hasira yake.

Nilimwomba radhi binamu yangu palepale, kijiti bado mkononi. Alikuwa ameshainama tena kwenye mnyororo.

"Hayo yamepita," akasema. "Hata mbuzi mwenyewe alishaliwa." Akajaribu pedeli, mnyororo ukazunguka sawasawa. Kisha, bila kuinua kichwa: "Ila hapo kijiweni bado wananiita Mlingoti. Ukipita, kawaambie."

Nilipita. Walikuwa saba, wanacheza bao. Niliwachorea ile kona chini, kuanzia kwenye badiliko la mchezaji, na ilinichukua muda mrefu kuliko mechi ilivyostahili. Wawili walikuwa wamecheza siku ile. Mmoja akakubali. Mwingine akatazama mchoro, akatikisa kichwa, akasema kwamba hata hivyo kipa alipaswa kutoka.